Kamati za viwango vya uchomeleaji (Marekani)

Kamati za viwango vya uchomeleaji ni vikundi vya wataalamu wanaojitolea kuandika kanuni za kuunganisha metali chini ya American Welding Society (AWS), chama kilichoanzishwa mwaka 1919, Comfort A. Adams akiwa rais wake wa kwanza. Chama hakiwalipi ujira kwa kazi hiyo.

Kamati mashuhuri zaidi ni D1, yenye dhamana ya kanuni ya D1.1 ya miundo ya chuma, ambayo chimbuko lake ni kanuni ya majengo ya mwaka 1928. Wajumbe hutoka pande zenye masilahi tofauti: watengenezaji, wanunuzi, wahandisi, wakaguzi na walimu, na hairuhusiwi upande mmoja kuwatawala wengine. Anayepinga rasimu kwa kura hutoa sababu zake kwa maandishi, na kamati hulazimika kuzijadili na kuzijibu. Utaratibu huu huchelewesha kazi, lakini ndiyo nguvu yake kubwa: hoja ya mkaguzi mmoja aliyeona nyufa kazini haiwezi kupuuzwa kwa sababu tu wengi wamekubaliana. Umma pia hupewa nafasi ya kutoa maoni.

Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika baada ya tetemeko la Northridge, California, Januari 1994, lilipopasua viungo vilivyochomelewa kati ya mihimili na nguzo za majengo mengi ya chuma. Uchunguzi uliofuata ulichangia kuzaliwa kwa D1.8, nyongeza inayohusu matetemeko, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2005.