Rais na simu za raia: Mvutano wa sheria na usalama Marekani

JE, Rais wa nchi anaweza kuagiza simu za raia zisikilizwe bila kwenda mahakamani kuomba kibali? Swali hilo limewatatiza Wamarekani tangu simu ilipoingia majumbani, na jibu lake limekuwa likibadilika kila taifa hilo linapokumbwa na hofu.

Msingi wa mjadala huo ni Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa 1791. Kipengee hicho kinawakinga watu dhidi ya upekuzi usio na sababu za kutosha. Aidha, kinataka kila kibali kitaje mahali pa kupekuliwa na vitu au watu wa kutwaliwa.

Waliokiandika walikuwa na kumbukumbu chungu za maafisa wa Mfalme wa Uingereza, ambao walibeba vibali vya jumla vya kuwaruhusu kuingia katika nyumba au ghala lolote kusaka bidhaa za magendo. Hawakuwahi kuota kuhusu simu.

Kwa sababu hiyo, 1928, katika kesi ya Olmstead, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kunasa mazungumzo ya simu hakukuwa upekuzi, kwa kuwa maafisa hawakuingia nyumbani kwa mshukiwa. Jaji Louis Brandeis alipinga vikali uamuzi huo, akionya kwamba siku ingefika ambapo serikali ingezipata siri za mtu bila hata kuifungua droo ya meza yake.

Ilichukua miaka 39 kwa mahakama hiyo kugeuza msimamo. Mnamo 1967, katika kesi ya Katz, majaji waliamua kwamba maafisa wa FBI walivunja Katiba walipoweka kinasa sauti nje ya kibanda cha simu cha umma mjini Los Angeles bila kibali. Tangu hapo, kinacholindwa ni faragha ya mtu mwenyewe, wala si kuta za nyumba yake pekee.

Kisingizio cha usalama

Hata hivyo, uamuzi huo haukugusa suala la usalama wa taifa, na hapo ndipo marais walipopata mwanya. Rais Franklin Roosevelt aliruhusu kunaswa kwa simu za waliodhaniwa kuwa majasusi 1940. Mnamo 1963, Mwanasheria Mkuu Robert Kennedy aliidhinisha FBI kusikiliza simu za mtetezi wa haki za watu weusi, Martin Luther King.

Juni 19, 1972, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja, majaji 8 kwa 0, kwamba Rais hana mamlaka ya kunasa simu bila kibali kwa madai ya kuzuia vitisho vya ndani ya nchi. Lakini mahakama hiyo iliacha wazi suala la mataifa ya kigeni na mawakala wao.

Siku 2 tu kabla ya uamuzi huo, wanaume 5 walikuwa wamekamatwa katika makao ya chama cha Democratic, jumba la Watergate, Washington, wakiwa na vifaa vya kunasia mazungumzo. Kashfa hiyo ilimlazimu Rais Richard Nixon kujiuzulu Agosti 1974.

Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilianza uchunguzi 1975. Ilifichua kwamba kwa miaka 30 shirika la kijasusi la NSA na mashirika yaliyolitangulia yalikuwa yakipokea nakala za telegramu zilizoingia na kutoka Marekani, zikitolewa na kampuni za mawasiliano bila kibali chochote.

Matokeo yake yalikuwa sheria ya FISA, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter Oktoba 1978. Sheria hiyo iliunda mahakama ya siri ya kusikiliza maombi ya serikali ya kuwapeleleza mawakala wa mataifa ya kigeni ndani ya Marekani, na ikaharamisha kunasa simu nje ya utaratibu uliowekwa na Bunge.

Masharti hayo hayakuwa magumu. Mahakama hiyo ilikataa maombi kwa nadra sana. Katika dharura, serikali iliruhusiwa kuanza kunasa kwanza na kuomba kibali ndani ya saa 24, muda ambao uliongezwa hadi saa 72 mwishoni mwa 2001.

Amri ya Bush

Pamoja na hayo yote, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Rais George W. Bush aliagiza NSA kunasa bila kibali mawasiliano kati ya watu walioko Marekani na walioko ng'ambo, pale mmoja wao aliposhukiwa kuhusika na Al-Qaeda. Majasusi walikusanya pia kumbukumbu za simu na barua pepe kwa wingi.

Machi 2004, wasaidizi wa Rais walimwendea Mwanasheria Mkuu John Ashcroft hospitalini, akiwa mgonjwa sana, wakitaka atie saini kuendeleza mpango huo. Alikataa. Naibu wake, James Comey, pia alikuwa amekataa, na maafisa kadhaa wakajiandaa kujiuzulu. Bush alilegeza msimamo na baadhi ya sehemu za mpango huo zikabadilishwa.

Umma haukujua lolote hadi Desemba 16, 2005, gazeti la New York Times lilipofichua habari hizo. Bush alikiri kesho yake, akisema Katiba ilimpa mamlaka hayo akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na kwamba Bunge lilikuwa limemruhusu lilipoidhinisha vita dhidi ya waliohusika na mashambulizi.

Wapinzani wake walirejelea kesi ya 1952, ambapo Mahakama ya Juu ilimzuia Rais Harry Truman kutwaa viwanda vya chuma wakati wa vita vya Korea. Katika kesi hiyo, Jaji Robert Jackson alieleza kwamba mamlaka ya Rais huwa makubwa zaidi anapoungwa mkono na Bunge, huwa ya kutiliwa shaka Bunge linaponyamaza, na huwa madogo kabisa anapotenda kinyume cha sheria iliyotungwa na Bunge.

Kwa kipimo hicho, walisema, Bush alikuwa amesimama mahali dhaifu kabisa, kwani FISA ilikuwa imekataza alichokifanya.

Agosti 2006, Jaji Anna Diggs Taylor wa Detroit aliamua kwamba mpango huo ulikiuka Katiba. Lakini Julai 2007 mahakama ya rufaa ilitupilia mbali kesi hiyo, ikisema walalamishi hawangeweza kuthibitisha kwamba wao wenyewe walisikilizwa. Kwa maneno mengine, siri yenyewe ndiyo iliyokuwa ngao ya serikali.

Julai 2008 Bunge lilibadilisha FISA, likazikinga kampuni za simu zilizoshirikiana na serikali dhidi ya mashtaka. Aidha, kifungu cha 702 kiliruhusu kunaswa kwa mawasiliano ya wageni walioko nje ya Marekani bila kibali cha kila mmoja. Mmarekani anayewasiliana nao hunaswa pia.

Juni 2013, stakabadhi zilizotolewa na Edward Snowden zilionyesha kwamba kampuni ya Verizon ilikuwa imeagizwa kukabidhi kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake. Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba sheria haikuruhusu ukusanyaji huo, na mwezi uliofuata Bunge likaupiga marufuku. Lakini kifungu cha 702 kilidumu, na Aprili 2024 kiliongezewa miaka 2.

Wakenya nao

Suala hili halikuishia Marekani. Mei 2014, tovuti ya The Intercept, ikinukuu stakabadhi za Snowden, iliitaja Kenya miongoni mwa nchi ambazo NSA ilikusanya kumbukumbu za simu zilizopigwa humo.

Kipengee cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano, lakini hakina nguvu Washington. Marekebisho ya Nne nayo, kwa mujibu wa mahakama za Marekani, kwa kawaida hayamkingi mgeni aliye nje ya nchi hiyo.

Hivyo basi, vikwazo ambavyo Wamarekani wamemwekea Rais wao kwa takriban karne moja ni vya kuwalinda wao kwanza. Mkazi wa Nairobi au Mombasa ambaye simu yake imeorodheshwa huko hana jaji wa kumwendea.