Sarafu za Bur Gao: ushahidi uliopotelea mpakani

Juni 2025 ilitimia miaka 100 tangu Uingereza iikabidhi Jubaland kwa Italia. Jimbo hilo lilikuwa sehemu ya Kenya ya kikoloni, na lilipokatwa, Elwak ya Mandera ikajikuta mji wa mpakani, visima na malisho yake yakitazamana na dola nyingine. Kila tunapozungumzia mkasa ule tunataja ardhi, mifugo na koo zilizogawanywa. Ni nadra kutaja kwamba pamoja na ardhi ile ilikwenda Bur Gao, bandari ndogo iliyozua ubishi mkali kuliko wote kuhusu sarafu za kale katika Afrika Mashariki.

Bur Gao, ambayo Waingereza waliiita Port Durnford, iko pwani kati ya Kismayu na Ras Kamboni. Mwaka 1912 Kapteni C. W. Haywood alifika hapo, akaondoka na rundo la sarafu za shaba ambazo alisema alizipata papo hapo. Haywood hakuwa mgeni wa nyika zetu. Ndiye aliyeandika kitabu cha 1927 kuhusu safari ya kwenda kinamasi cha Lorian, kule mto Ewaso Ng'iro unakomezwa na mchanga. Lakini sarafu zake zilikaa miaka 20 kabla ya kuchapishwa. Mwaka 1932 Harold Mattingly, bingwa wa sarafu za Kirumi katika Makumbusho ya Uingereza, alizieleza katika jarida la Numismatic Chronicle, na wanahistoria wakashtuka.

Rundo lile lilikuwa na sarafu za wafalme wa ukoo wa Ptolemy waliotawala Misri kabla ya Kristo. Zilikuwemo za makaisari wa Roma wa karne za kwanza, na nyingine nyingi za karne ya 4, enzi ya Konstantino na warithi wake. Kisha, baada ya pengo la karne nyingi, zikafuata sarafu za Wamamluki na za Waturuki wa Misri.

Anayekusanya sarafu za kale anaelewa kwa nini orodha hiyo ilisisimua watu. Shaba za akina Ptolemy hujulikana kwa alama moja tu: tai aliyesimama juu ya radi. Warumi nao walijaza wanyama kwenye migongo ya sarafu zao. Kaisari Gallienus, katika miaka ya 267 na 268, alitoa mfululizo mzima wenye paa, swala, chui, fahali na farasi mwenye mabawa, akiomba ulinzi wa miungu mbalimbali. Kuanzia 330 Konstantino alifua sarafu za mbwa mwitu jike akiwanyonyesha mapacha Romulus na Remus. Mwaka 348 akatokea feniksi, ndege wa hadithi anayezaliwa upya, na baadaye Kaisari Julian, aliyetawala 361 hadi 363, akaweka fahali mkubwa. Chini ya picha huwa kuna herufi chache zinazotaja mji ilikofuliwa sarafu: ALE kwa Aleksandria, ANT kwa Antiokia. Kwa sababu shaba hizi zilifuliwa kwa mamilioni, hata mkusanyaji asiye tajiri anaweza kuzipata, akaisoma dola nzima kiganjani mwake.

Kwa hiyo sarafu za Misri na Roma zilipotajwa pwani ya Jubaland, wengi waliona ushahidi waliousubiri. Tayari kulikuwa na Periplus, maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanayoeleza biashara ya pembe za ndovu katika pwani ya Azania. Kilichokosekana ni kitu cha kushikika. Wapo walioihusisha Bur Gao na Nikon, kituo kinachotajwa na waandishi wa kale, na sarafu za Haywood zikawa nguzo ya hoja hiyo.

Aliyeitikisa nguzo ni Neville Chittick, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, mtu aliyechimba Kilwa na Manda. Aliikagua pwani ya kusini ya Somalia, na taarifa yake ikatoka mwaka 1969 katika jarida la Azania. Huko Bur Gao hakukuta dalili za mji wa enzi za Warumi. Hoja yake ni nzito na ni rahisi kuifuata. Ikiwa sarafu zote zilifukiwa pamoja, basi zilifukiwa baada ya ile ya mwisho kufuliwa, yaani zama za Waturuki. Tai wa Ptolemy akizikwa pamoja na sarafu ya sultani wa Istanbul hawezi kuthibitisha kwamba Mgiriki alitia nanga Bur Gao. Kinachothibitika ni kwamba mtu fulani, karne nyingi baadaye, alikuwa na mchanganyiko wa shaba za Misri. Na ikiwa hazikufukiwa pamoja, ni nani awezaye leo kutuonyesha ipi ilitoka shimo lipi?

Mimi nasimama na Chittick. Biashara ya kale ilikuwepo, na Periplus inatosha kutuambia hivyo. Ila sarafu ni shahidi anayehitaji anwani. Haywood alibeba shaba, akaacha nyuma kile ambacho wanaakiolojia wanakithamini zaidi: ramani ya mahali, kina cha shimo, vigae vilivyolala kando. Miaka 20 ya ukimya ikakamilisha hasara. Kama rundo lile lingechimbwa kwa utaratibu, huenda vitabu vya historia vya watoto wetu vingeanza kwa ukurasa mwingine.

Baada ya zama za Warumi, wanyama wa kwenye sarafu waliendelea kupita mpakani mwetu kwenye vifuko vya wafanyabiashara. Riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780, ilikuja na tai wa vichwa viwili. Birr ya Menelik, iliyoanza kufuliwa Paris 1894, ilikuwa na simba. Kuanzia 1921 shilingi ya Afrika Mashariki nayo ikawa na simba mbele ya milima, na Waingereza walipoitwaa Somalia kutoka kwa Waitalia mwaka 1941, simba huyo akavuka mpaka pamoja nao. Mwaka 1950 Waitalia waliporudi kama wadhamini, walileta somalo, sawa kwa thamani na shilingi. Senti zake za shaba zilikuwa na tembo.

Kenya ilipofua sarafu zake 1966 iliweka sura ya Mzee Kenyatta. Katiba ya 2010 ikakataza sura za watu, na Desemba 2018 wakaingia twiga, faru, simba na tembo.

Leo sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ni sheria nzuri, lakini sheria haichimbi wala haiandiki. Kaskazini Mashariki imepokea vituo vya kijeshi na vizuizi vya barabarani kwa wingi, wakati utafiti wa historia umetufikia kwa kijiko. Watoto wa Elwak hujifunza kuhusu Roma vitabuni bila kuambiwa kwamba ubishi kuhusu Roma uliwahi kufika mlangoni mwao. Kaunti ya Mandera inapaswa kuwa na chumba cha turathi chenye mtu aliyefunzwa, daftari na kamera, ambapo mfugaji aliyeokota sarafu kando ya kisima anapokelewa kwa heshima.

Na mfugaji huyo asiisugue kwa mchanga ing'ae, wala asimuuzie mpita njia. Aeleze kwanza aliiokota wapi, lini, na pamoja na nini. Hayo ndiyo Haywood hakutuachia mwaka 1912, na hakuna fedha inayoweza kuyanunua sasa.