Majitaka na Bahari: Somo kutoka Cabo Delgado



Neno majitaka limeundwa kwa maneno mawili, maji na taka. Humaanisha maji yaliyokwisha kutumika chooni, bafuni na jikoni. Kila mji huyazalisha, na kila mji hulazimika kuamua yaende wapi. Watu wasipoamua, mvua huamua kwa niaba yao.

Tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ikiwemo Ibo, Quissanga na Macomia. Mvua kubwa ziliufurikisha mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, ambao tusiuchanganye na kisiwa cha Pemba kule Zanzibar. Mafuriko yanapoingia katika vyoo vya shimo, huubeba uchafu hadi visimani na baharini. Mapema mwezi Mei, serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu.

Msiba huo haukuwa mgeni mwambaoni. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua watu wengi. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani humo, alifuatilia nyendo za maradhi hayo katika Afrika Mashariki, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1876. Baadaye Sultani Barghash bin Said alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Hata hivyo, kuleta maji safi ni nusu ya kazi. Maji yanayoingia mjini lazima yatoke, nayo hutoka yakiwa machafu.

Nusu ya pili ya kazi twaweza kujifunza katika gereza la Shimo la Tewa, kaskazini mwa Mombasa. Majitaka ya gereza hilo yalikuwa yakimiminika katika hori la Mtwapa. Kwa msaada wa mradi wa WIO-LaB, uliosimamiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa hadi mwaka 2010, likajengwa eneo oevu la kusafishia maji hayo. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Kwanza, maji hutuama ili uchafu mzito uzame chini. Kisha hupita polepole katika kokoto zilizopandwa matete, ambamo bakteria hula uchafu uliobaki, na mimea hufyonza sehemu ya rutuba. Njia hii haihitaji mashine kubwa, bali ardhi, subira na mtu wa kuondoa tope kwa wakati.

Faida yake haiishii kwenye afya ya binadamu. Rutuba nyingi ikimwagika baharini huotesha mwani unaozifunika nyasi za bahari na matumbawe, na samaki hukosa makazi. Kwa Wamwani wa Ibo na pwani ya Mocímboa da Praia, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, maji ya ufukweni ni shamba. Humo hupatikana samaki, pweza na kombe.

Hata hivyo, mtambo hauwezi kuwalinda watu wasiouamini. Kwa Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, dawa ya kusafishia maji huitwa cloro, na kipindupindu huitwa cólera. Maneno hayo yamekaribiana mno. Kaskazini mwa nchi hiyo, wahudumu waliotia dawa visimani wameshukiwa kuwa wanatia ugonjwa, na baadhi yao wameshambuliwa. Tarehe 7 Aprili 2024, chombo kilichojaa watu kupita kiasi kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, katika mkoa jirani wa Nampula. Zaidi ya watu 90 walifariki. Maofisa walieleza kwamba wengi wao walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu.

Ndiyo maana somo hili ni la uraia na la lugha pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwanza huzibwa kwa maelezo yanayotolewa katika lugha ambayo mwananchi huiota usiku, kabla kokoto na matete hayajafika.

Maswali ya kujadili:
1. Majitaka ya mtaa wenu huishia wapi, na nani huwajibika?
2. Ungemweleza vipi jirani yako, kwa Kiswahili chepesi, tofauti ya dawa na ugonjwa?