Milimita 67 za Kidatu

Wanafunzi wangu hudhani kuwa stesheni hufa siku inapobomolewa. Nami huwarejesha Kilosa. Wajerumani waliipitisha hapo Reli ya Kati, yenye upana wa milimita 1000, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1960 tawi lake lilipita Mikumi hadi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Muongo uliofuata ikaja TAZARA, yenye milimita 1067 ili iungane na reli za Zambia. Jirani hao wawili walikutana Kidatu bila kuweza kupokezana mabehewa. Shehena ililazimika kuhamishwa. Sasa SGR ya milimita 1435 inapita Kilosa. Kipimo cha tatu! Je, tawi la Mikumi litaunganishwa na kipi?