Rweya si Pori Tupu

Juma hili napenda tuzungumzie nyasi. Msafiri atokaye Bukoba mjini kwenda Muleba huona mambo mawili yakipokezana: vijiji vilivyofunikwa na migomba, na uwanda mpana wa nyasi. Wahaya huliita shamba la migomba kibanja, na uwanda ule huuita rweya. Wengi wetu tuishio mjini huiona rweya kuwa pori tupu linalomngoja mwenye mtaji. Historia inatuambia vingine.

Udongo wa rweya ni maskini. Kandokando ya ziwa hunyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nazo huosha rutuba na kuizamisha chini sana. Wazee walikuwa na dawa yake, nayo ni ng'ombe. Mchana walilisha rweyani, jioni wakarudi nyumbani, na samadi yao ikaingia kibanjani. Nyasi nyingine zilikatwa, zikatandazwa sakafuni na chini ya migomba. Kwa hiyo ndizi tulizolelewa nazo zilitokana kwa sehemu kubwa na nyasi zilizobebwa tumboni mwa ng'ombe. Rweya ilitoa, kibanja kikapokea.

Je, nyasi zilivumiliaje? Mti hurefuka kwa ncha zake za juu, lakini nyasi huchipua chini kabisa, karibu na ardhi. Zikiliwa huota tena, hata huongeza machipukizi, mradi zipewe muda. Zikiliwa kila siku bila kupumzishwa, mizizi hudhoofika, ardhi hubaki uchi, na mvua huondoka na udongo.

Lakini kuwaondoa ng'ombe kabisa nako kuna gharama. Mnamo miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifyeka mifugo katika nchi za Maziwa Makuu. Tazameni kwa majirani zetu wa Karagwe, ambako mwaka 1861 Speke, msafiri Mwingereza, alipokewa na mfalme Rumanyika katika nchi ya wafugaji. Ng'ombe walipotoweka, vichaka viliota palipokuwa malisho, na katika miaka iliyofuata mbung'o wakapata makao. Kwetu Bukoba, aliyepoteza ng'ombe alipoteza pia samadi.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hata hivyo, kaya nyingi za Bukoba na Muleba hazina ng'ombe, na sehemu za rweya zimepandwa mikaratusi na misindano. Sisemi miti ni mibaya. Mbao na kuni tunazihitaji. Ninachosema ni kwamba rweya ni nusu ya kibanja, ingawa haina migomba. Anayeigawa rweya anagawa na mbolea ya jirani yake.

Basi serikali ya kijiji inapoketi kugawa uwanda huo, nashauri swali moja liulizwe kabla ya muhuri kugongwa: migomba yetu itakula nini?