Sakafu za Mchafukoge

Jina la Mchafukoge halina bahati. Alisikiaye kwa mara ya kwanza hupata neno mchafu mbele na koge nyuma, kama kwamba mtaa mzima umeamriwa kwenda kuoga. Hata hivyo, mtu apandaye ngazi za nyumba kongwe za ghorofa zilizosalia katika sehemu hiyo ya Dar es Salaam hukanyaga kitu kisichopatana na jina hilo: sakafu laini, yenye madoadoa meupe, mekundu na meusi, baridi chini ya unyayo hata saa nane ya mchana katika mwezi wa Februari. Madoadoa hayo ni vipande vya marumaru. Historia ya sakafu hiyo yastahili kuandikwa sasa, kwa sababu nyumba zenyewe zinabomolewa moja baada ya moja, na ujuzi wa kuitunza unaondoka pamoja na wazee walioujua.

Neno marumaru tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni ya Kiyunani. Katika karne ya 19, aliyetaka kuona sakafu ya jiwe hilo alikwenda Unguja, kwenye Beit-al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Lakini tusidhani kwamba jiwe lile lilifika pwani kama mgeni asiye na ndugu. Matumbawe, chokaa na marumaru ni ukoo mmoja. Matumbawe yakichomwa juu ya magogo hutoa chokaa. Chokaa ikichanganywa na maji na mchanga, ikatandazwa, hunywa hewa polepole na kurudi kuwa jiwe. Jiwe hilo kwa maumbile yake ndilo lile lile lililomo katika marumaru, ila marumaru yamepikwa kwa joto na uzito wa ardhi kwa mamilioni ya miaka. Waashi wa pwani hawakusoma kemia, lakini mikono yao iliijua habari hiyo. Walilaza boriti za mikoko, wakajaza kokoto za matumbawe na chokaa juu yake, kisha watu wengi wakapiga kwa vipande vya mbao siku baada ya siku, kwa mwendo mmoja na kwa nyimbo, hata sakafu ikashikana. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860, ni la ujenzi wa namna hiyo wa matumbawe na boriti.

Ukoo huo una maadui wawili. Wa kwanza ni mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa mawe, ambamo almasi ni 10, marumaru ni 3 tu, na chembe ngumu za mchanga ni 7. Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga, na vumbi liingialo mlangoni wakati wa kaskazi si unga, ni msasa. (Msasa, kwa asili, ni mti, majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa na maseremala kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijarithi jina lake.) Kila mguu upitao juu ya vumbi hilo husugua jiwe, na mng'ao hufa bila ya mtu kuona umekufa siku gani. Adui wa pili ni ukali wa ndimu, siki na ukwaju. Ndimu ing'arishayo sinia la shaba, ikidondoka sakafuni, huacha alama isiyofutika kwa sabuni, kwa kuwa si doa bali ni jeraha: jiwe limeliwa.

Namna vipande vya marumaru vilivyofika Mchafukoge ni habari ya sheria kuliko ya uzuri. Kanuni za ujenzi walizotoa Wajerumani mwaka 1891 ziligawa mji kwa namna ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa kila mahali. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliendeleza mgawanyo huo: Wazungu upande wa bahari, maduka na makazi ya Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo, palipopewa jina kwa kikosi cha wapagazi wa vita. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Kanuni zilitaja vifaa vya kujengea, lakini aliyekusudiwa ni mtu. Upande mmoja wa uwanja nyumba ilitakiwa kuwa ya jiwe au saruji. Upande wa pili nyumba ya miti na udongo iliruhusiwa, na sakafu yake mara nyingi ilikuwa ardhi iliyoshindiliwa na kunyunyizwa maji asubuhi ili vumbi lilale. Mtu aliweza kutoka sakafu moja hadi nyingine kwa mwendo wa dakika chache.

Wenye maduka wa Uhindini, waliofanya biashara chini na kulala juu, aghalabu hawakuweza kununua mabamba ya marumaru. Waliweza kununua terazo. Ufundi huu ulianzia Venice, kwa mafundi waliookota mabaki ya marumaru wasiyatupe. Vipande huchanganywa na saruji, rojo likamwagwa katika miraba iliyotengwa kwa vipande vyembamba vya shaba au kioo, likaachwa ligande kwa siku kadhaa huku likitiwa maji. Hapo sakafu huwa mbaya kama uji uliomwagika. Uzuri wake umo ndani, na hauna budi kutolewa kwa kusugua: jiwe la kusagia lenye chembe kubwa kwanza, kisha matundu yazibwe kwa saruji laini, kisha jiwe la chembe ndogo, na ndogo zaidi, maji yakitiririka wakati wote. Katika ngazi, kazi hiyo ilifanywa kwa mkono.

Baada ya fundi kuondoka ilianza kazi isiyokwisha. Tunaiita kupiga deki, na deki ni neno lililotoka kwa Waingereza na meli zao. Mpiga deki mwema hakuanza kwa maji. Alifagia kwanza kwa ufagio laini, akaondoa mchanga ungali mkavu, kwa kuwa tambara bichi likiburutwa juu ya mchanga hufanya kazi ya msasa. Kisha maji baridi, si maji ya kisima yenye chumvi, maana chumvi hubaki katika vitundu, hukauka na kumomonyoa. Sabuni kidogo, na mwisho tambara kavu. Aliyepaka nta nyingi ili ing'ae upesi alijuta: katika joto letu nta hulainika, hushika vumbi, na baada ya masika mawili sakafu huwa nyeusi.

Kwa sehemu kubwa waliofanya kazi hiyo ni wanaume wa Kiafrika, waliovuka Mnazi Mmoja alfajiri na kurudi jioni kwenye sakafu zao za udongo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao. Vitabu vya historia hukumbuka zaidi makuli wa bandarini na mgomo wao wa Septemba 1947. Bega la kuli huonekana. Goti la mpiga deki hujificha nyuma ya mlango.

Aprili 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa katika mitaa hii. Sitaki kuihukumu sheria hiyo kwa ngazi, kwa sababu ilikuwa na hoja nzito kuliko ngazi. Lakini ngazi zilipatwa. Majumba yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na kuanzia 1990 chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Chumba kilikuwa na mpangaji wake. Ngazi ikawa ya wote, yaani haikuwa ya mtu. Mng'ao ulipopotea, wengine walileta asidi ya kusafishia vyoo. Saruji ililiwa, vipande vya marumaru vikaliwa pia, na uso ukawa mkavu kama mfupa.

Siku hizi neno marumaru limehama. Mwananchi akisema ameweka marumaru, aghalabu ana maana ya vigae vya udongo uliochomwa, visivyoogopa ndimu wala kudai kusuguliwa. Sina ugomvi na vigae; vimewapa sakafu safi watu ambao kanuni za zamani ziliwaachia udongo. Ila kigae kikichakaa hung'olewa, na terazo ikichakaa husagwa unene wa ukucha, ikatoa uso mpya uliokuwa umelala ndani yake tangu siku ilipomwagwa.

Mashine za kusaga zipo mjini, na katika ukumbi mpana hufanya kazi kwa saa chache. Lakini mashine ni ya duara, na pembe ya ukuta si ya duara. Pale kwenye pembe, na katika kila kidato cha ngazi, fundi hupiga magoti na kushika jiwe kwa mkono.