Kutoka nta ya Breslau hadi mwanga wa Seattle

Daktari akishuku saratani ya tezi dume, huingiza sindano na kutoa vinyama vyembamba kama uzi. Maabara huvigandisha ndani ya nta, huvikata vipande vya unene wa maikromita 4 au 5, kisha mtaalamu wa patholojia huvikagua kwa hadubini. Vinavyofika kwenye kioo ni vichache. Nyama iliyobaki haionwi na mtu. Wazo la kuiona yote, kina chake kikiwemo, linasifiwa leo kama jipya. Lina zaidi ya miaka mia.

Njia yake inaanzia Basel, Uswisi. Miaka ya 1860 Wilhelm His alitaka kujua kiinitete hujikunja vipi, akaunda mashine ya kukikata mfululizo. Lakini ukishakata, umbo limepotea. Gustav Born wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, akalirudisha kwa mikono: kila kipande alikichora kwa ukubwa kwenye bamba la nta, akalikata, akapanga mabamba moja juu ya jingine. Kazi ya kuchosha kweli.

Werner Spalteholz wa Leipzig hakutaka kukata kabisa. Tishu huziba mwanga kwa sababu maji na protini zake huupinda kwa viwango tofauti. Basi aliyaondoa maji kwa alkoholi, akaweka mahali pake mafuta yanayoupinda mwanga karibu sawa na protini. Mwaka 1911 alichapisha mbinu hiyo: viungo vizima vilivyopenyeka kwa macho.

Kabla yake kidogo, mjini Jena, Henry Siedentopf na Richard Zsigmondy walikuwa wamemulika kioo chekundu kutoka ubavuni ili waone chembe za dhahabu zilizomo. Saratani haikuwa akilini mwao hata kidogo.

Mafuta ya Leipzig na mwanga wa Jena vilikutana Seattle. Mwaka 1993 Arne Voie na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington walitumia mchanganyiko wa Spalteholz na utando mwembamba wa mwanga wa leza, uliomulikwa kutoka ubavuni, kupiga picha za sikio la ndani la simbilisi. Mwaka 2017, chuoni hapohapo, timu ya Jonathan Liu ilitangaza hadubini ya aina hiyo kwa ajili ya vinyama vya binadamu, tezi dume ikiwemo.

Tezi dume ndipo faida ya kuona kina inapoonekana. Vijitezi vyake vina matawi. Kisu kikipita upande, kilichoungana huonekana kimeachana, nacho kizima huonekana kimeharibika. Kipimo alichobuni Donald Gleason miaka ya 1960 husoma maumbo hayohayo bapa, na ndicho husaidia kuamua mgonjwa atibiwe kwa nguvu kiasi gani. Siwalaumu wanapatholojia kwa kuchelewa kuhamia picha za kina, maana kipande bapa kimewatumikia vizuri. Tena picha mpya haziharibu sampuli: ikishapigwa, bado inaweza kukatwa kwa njia ya zamani.

Hata hivyo, majibu ya kawaida ya hospitali bado yanatoka kwenye kile kipande bapa. Picha za kina zingali kazi ya watafiti.